Mtutu wa Akiba: Kinachobadilika Tundu Linapopanuliwa

Mzee mmoja wa Upanga ninayemheshimu, mstaafu aliyeanza kuwinda kwa leseni tangu ujanani, ana bunduki ya risasi moja ya aina ya kukunja: unabonyeza komeo, mtutu unainama kwenye bawaba, unatumbukiza risasi kwa nyuma, kisha unafunga. Bunduki hiyo ilikuja na mitutu miwili inayobadilishana juu ya kiwiliwili kimoja, yaani mwili wa bunduki unaoushika mtutu. Wa kwanza ni wa marisau, geji 12, ambao ndio anaoutumia kwa kanga. Wa pili ni wa risasi ya .30-06, nao umekaa kabatini miaka mingi bila kazi. Siku moja alipokwenda Gerezani, mtaa wa mafundi hapa Dar es Salaam, kuchukua bloku ya gari lake iliyokuwa imechongwa, akamwona fundi akipanua silinda iliyolika ili ipokee pistoni ya ovasaizi, ndipo lilipomjia wazo. Kama silinda hupanuliwa na injini ikarudi barabarani, kwa nini mtutu ule wa akiba usipanuliwe uwe .375 (namba hizi zenye nukta mbele ni sehemu za inchi), kaliba, yaani upana wa tundu, ambayo wawindaji wa nchi hii huitambua kama kizingiti cha kumwendea nyati?

Nilimjibu, “Mzee wangu, tundu linapanuka. Kazi iko kwenye vinavyolizunguka.” Hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika, kwa sababu jibu fupi la namna hiyo halimsaidii mtu kuamua. Haya ndiyo maelezo marefu niliyompa baadaye, nikiwa nimekwishapima mtutu wenyewe.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno, maana katika Kiswahili chetu cha kila siku neno “risasi” hubeba vitu viwili. Risasi nzima, ile inayonunuliwa dukani, ina ganda la shaba nyeupe au njano, fataki kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa kilichobanwa mdomoni. Kinachotoka na kwenda kwa mnyama ni kichwa peke yake; ganda hubaki ndani ya chemba, yaani ile sehemu pana ya nyuma ya mtutu iliyochongwa kufuata umbo la ganda. Mbele ya chemba ndiko kunakoanza tundu lenyewe, ambalo ndani yake kumechongwa mifereji inayozunguka kama uzi wa skrubu, na kati ya mfereji na mfereji kumebaki matuta. Kichwa cha risasi huwa kinene kidogo kuliko nafasi iliyopo kati ya matuta, hivyo matuta huking’ata, hukizungusha, nacho hutoka kikizunguka kama pia, jambo linalokifanya kiende kikiwa kimeelekeza ncha mbele badala ya kupinduka hewani.

Kwa hiyo kila kaliba ina vipenyo viwili, na hapa ndipo wengi hupotea. Katika .30-06, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1906, kipenyo kati ya matuta ni milimita 7.62, na kipenyo kati ya mifereji ni milimita 7.82, sawa na unene wa kichwa chenyewe. Jina linalopigwa mhuri juu ya mtutu mara nyingine hufuata kipenyo cha kwanza, mara nyingine cha pili, na mara nyingine hufuata matakwa ya muuzaji tu. Anayetaka kujua kama mtutu unaweza kupanuliwa aachane na majina, ashike vipimo.

Kanuni ya kwanza iko wazi: chuma kilichoondolewa hakirudi, basi mtutu hupanuliwa kwenda juu tu. Jeshi la Uingereza lilikutana na ukweli huo lilipohama kutoka bunduki yake ya risasi moja ya Martini-Henry, iliyopokelewa mwaka 1871 na iliyokuwa na tundu la inchi .450, kwenda kwenye risasi mpya ya .303. Viwiliwili vya Martini vilikuwa bado vizuri, lakini hakuna fundi angeweza kulifanya tundu pana liwe jembamba. Ikabidi vifungwe mitutu mipya kabisa. Safari ya upande wa pili iliwezekana. Huko India, kiwanda cha Ishapore kilizichukua bunduki za .303, kikapanua mitutu yake hadi .410 bila mifereji yoyote, kikazigeuza kuwa bunduki za risasi moja moja za kupewa polisi na askari wa magereza.

Kanuni ya pili ndiyo inayosahaulika. Haitoshi kaliba mpya iwe kubwa kuliko ya zamani. Lazima iwe kubwa kiasi cha kufuta mifereji yote ya zamani. Kipenyo kipya kati ya matuta kinapaswa kuzidi kipenyo cha zamani kati ya mifereji, tena kwa ziada ya kutosha kusafisha makovu na upotovu wowote wa tundu. Chukua mtutu wa .270, ambao mifereji yake ina kipenyo cha milimita 7.04. Mtu anaweza kudhani kuupandisha hadi kaliba ya milimita 7 ni hatua ndogo na nyepesi, kumbe haiwezekani, kwa sababu matuta ya kaliba hiyo yanatakiwa kukaa kwenye milimita 7.01, ndani ya nafasi ambayo mifereji ya zamani imekwishaila. Mtutu uleule ukipelekwa hadi .30, ambapo matuta hukaa kwenye 7.62, unapata zaidi ya nusu milimita ya kufanyia kazi. Hatua ndefu ikawa ndiyo nyepesi. Kwa mtutu wa mzee, wenye mifereji ya 7.82, kaliba jirani ya milimita 9.3 huhitaji tundu la milimita 9.0 kati ya matuta, nayo .375 huhitaji takriban 9.3. Zote mbili zinafuta kila kitu kilichokuwamo.

Kazi yenyewe hufanywa kwa hatua kuu tatu. Tundu la zamani hupanuliwa kwa zana ndefu inayoongozwa na tundu lililopo, si kwa kekee inayojitafutia njia. Kisha hulainishwa kwa zana nyingine hadi lifikie kipimo. Kisha mifereji mipya huchongwa. Mifereji inaweza kutengenezwa kwa namna kadhaa. Viwanda vikubwa hupigapiga mtutu kwa nyundo za mashine kuzunguka kalibu iliyo ndani, au hupitisha kitufe kigumu kinachosukuma chuma badala ya kukikata. Lakini mafundi wanaopanua mitutu iliyokwishaumbwa kwa nje hupendelea njia ya zamani ya kukata, ambamo kisu kidogo hupita tena na tena na kila mara huondoa unyoya wa chuma, hadi mfereji ufikie kina cha takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Sababu ni kwamba mtutu wa kuwindia huwa mnene nyuma na mwembamba mbele. Ukisukuma kitufe ndani yake, ukuta mnene utakataa kutanuka na ukuta mwembamba utakubali, na tundu litatoka na upana usiolingana. Kukata hakusukumi chuma. Kwa sababu kama hiyo wapo mafundi wanaosita kupokea mtutu uliotengenezwa kwa nyundo, kwa kuwa chuma chake kinaweza kuwa na mvutano uliofungwa ndani unaojitokeza tundu linapofunguliwa, na wanaokataa kabisa mtutu uliopakwa kromu ndani, maana kromu hiyo huviharibu visu vyao.

Hapa mfano wa Gerezani unafika mwisho wake, na ni vizuri useme kwaheri mapema. Gesi ndani ya silinda ya injini ya dizeli ya kisasa hufikia kani, yaani mkandamizo wa gesi, ya baa 150 hadi 200 hivi (baa moja ni karibu sawa na mkandamizo wa hewa inayotuzunguka). Risasi ya .30-06 inaruhusiwa, kwa viwango vya Ulaya, hadi baa 4,050. Ni zaidi ya mara ishirini. Fundi wa bloku anaweza kuwa hodari kuliko wote mtaani, mwenye mkono usiotetemeka na macho yasiyodanganyika, lakini mashine yake imetengenezwa kwa ajili ya tundu fupi na pana, na sheria, nitakayoigusia mbele, haimpi ruhusa ya kugusa mtutu. Kumpelekea kazi hiyo ni kumtia yeye matatani kabla hujajitia mwenyewe.

Kabla ya kwenda kwenye hesabu za nguvu, mtutu wa mzee ulikuwa na jambo jingine linalowahusu wote tuishio karibu na bahari: kutu. Hewa ya Dar es Salaam ina chumvi na unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika hata kufuli la kabatini huota kutu. Zaidi ya hapo, fataki nyingi za zamani, hasa za risasi za kijeshi, ziliacha ndani ya mtutu chumvi ya kloridi ya potasiamu, ambayo hunyonya unyevu kutoka hewani kama vile chumvi ya jikoni inavyolowa kwenye kikopo. Mafuta peke yake hayaiondoi. Inatakiwa maji kwanza, ndipo mafuta. Wengi hawakulijua hilo, na mitutu yao ikaliwa na vidimbwi vidogo vya kutu. Kupanua tundu ni dawa nzuri ya maradhi haya, na pengine ndiyo sababu halali kuliko zote ya kuifanya kazi hii, kwa kuwa uso wote ulioharibika huondoka na mpya huzaliwa. Sharti ni kina. Tofauti kati ya mifereji ya .30 na tundu la 9.3 ni kama milimita 0.6 kila upande wa matuta mapya. Kidimbwi chenye kina kuliko hicho kitabaki kama shimo ndani ya tundu jipya. Huwezi kukisia kina hicho kwa kuchungulia kwa jicho kwenye mwanga wa dirisha. Inatakiwa kamera nyembamba ya kuingiza ndani.

Sasa ukuta. Mtutu wa mzee, niliupima kwa kalipa, ni milimita 15 kwa nje pale mdomoni. Ukiwa na tundu la 7.82, ukuta wake ni milimita 3.6 hivi. Ukipanuliwa hadi 9.3 unabaki na 2.85. Ukipanuliwa hadi .45-70, risasi ya mwaka 1873 ambayo bado ina wapenzi wake na ambayo kichwa chake ni milimita 11.63, ukuta unabaki na milimita 1.7, na hapo ndipo mtu anaanza kutazama mfuo uliochongwa juu ya mdomo kwa ajili ya kushika shabaha ya mbele. Mfuo huo una kina chake. Kila sehemu ya milimita inayokatwa kwa nje inatoka kwenye ukuta uleule unaopunguzwa kwa ndani, vivyo hivyo na matundu ya skrubu za kushikilia darubini huko nyuma, ambayo yalitobolewa na mtu aliyedhani tundu litabaki 7.82 milele. Ni kweli kwamba kani ya gesi inapofika mdomoni huwa imeshuka hadi kuwa sehemu ndogo ya ile ya mwanzo, kwa hiyo ukuta mwembamba wa mbele si wa kuogopwa kama ukuta mwembamba wa katikati. Lakini ukuta hauna kazi ya kuzuia mlipuko tu. Mtutu mwembamba hutikisika zaidi, huchemka upesi, na hupindika kwa kugongwa na mlango wa gari.

Uzito nao hupungua. Kwa mtutu wa sentimita 60, kuutoa kwenye .30 hadi 9.3 huondoa takriban gramu 100 za chuma. Si nyingi, ila zinaondoka wakati ambapo kichwa cha risasi kinaongezeka kutoka gramu 11 au 12 hadi 18.5. Bega la mzee wa miaka sabini na ushee litaisikia tofauti hiyo kwa pande zote mbili.

Yote hayo, hata hivyo, ni mepesi mbele ya swali la kiwiliwili, na ningependa msomaji akae hapa kidogo. Baruti inapowaka, gesi husukuma kila upande. Mbele inasukuma kichwa; pembeni inasukuma kuta za chemba; nyuma inasukuma kitako cha ganda, na kitako kinausukuma uso wa kiwiliwili ambao umeshikiliwa na bawaba na komeo tu. Ukubwa wa msukumo huo unakadiriwa kwa kuzidisha kani ya gesi kwa eneo la kitako. Ganda la .30-06 lina kipenyo cha milimita 12 hivi, yaani eneo la milimita za mraba 113. Ukizidisha kwa kani yake ya juu unapata msukumo unaofanana na uzito wa tani 4.6. Fikiria mifuko tisini na miwili ya saruji ya kilo 50 imerundikwa juu ya uso mdogo kuliko sarafu ya shilingi mia, kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Kwa kweli msukumo halisi ni mdogo kuliko hapo, kwa sababu kipenyo cha ndani cha ganda ni kidogo kuliko cha nje na ganda lenyewe hushika kuta za chemba, lakini fundi mwenye busara haitegemei huruma hiyo.

Linganisha sasa. Geji 12 ya kawaida ina kitako kipana, zaidi ya milimita 20, ila kani yake ya juu ni kama baa 740; msukumo wake ni takriban tani 2.5. Risasi ya .45-70 kwa kiwango chake cha asili, kilichobaki cha chini kwa kuheshimu bunduki za karne ya 19, nayo hutoa karibu tani 2.5. Risasi ya 9.3x62 (kaliba ya milimita 9.3, ganda la urefu wa milimita 62), ambayo nitaieleza, hutoa tani 4.6, sawasawa na .30-06. Lakini .375 H&H, ile iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912 na ambayo ndiyo mzee alikuwa akiiota, ina kitako cha milimita 13 na kani ya baa 4,300, na msukumo wake unafika tani 5.8. Mifuko ishirini na minne ya ziada juu ya bawaba ileile, komeo lilelile, chuma kilekile. Kiwiliwili kilichojaribiwa kiwandani kwa .30-06 hakijaahidi kubeba mzigo huo. Kinaweza kuubeba mara ya kwanza na ya ishirini, huku bawaba ikilegea kidogo kidogo bila kelele, hadi siku uwazi uliopo kati ya mtutu na kiwiliwili utakapoacha ganda lipasuke mbele ya uso wa mpigaji. Kuna bunduki za risasi moja zilizotengenezwa kwa .375 tangu mwanzo, zikiwamo Ruger No. 1, ambayo uzibo wake hushuka na kupanda ndani ya kiwiliwili kizito cha chuma. Hiyo ni familia nyingine. Ya mzee ni ya bawaba, na mtengenezaji hakuiuza kwa kaliba hiyo. Kwangu mimi swali la .375 lilifungwa hapo, kabla hata ya kugusa mtutu.

Wapo watakaouliza: kama kiwiliwili ndicho kinachobeba msukumo, mbona kilipokea mtutu wa marisau na wa .30-06 pamoja? Kwa sababu kilitengenezwa kwa mzigo mkubwa, na mdogo ukafuata. Kinyume chake hakiwezekani, na ndiyo maana viwanda vilivyouza bunduki za namna hii vilitofautisha viwiliwili vya marisau peke yake na vile vya risasi zenye kani kubwa, hata pale vilipofanana kwa macho. Mtutu unaoingia na kufunga vizuri hauthibitishi chochote.

Tukija kwenye chemba, tunakuta kanuni ileile ya chuma kisichorudi, ila imejificha. Mtu akisikia 9.3 atafikiria haraka 9.3x74R, kwa kuwa ndiyo risasi iliyozoeleka Ulaya katika bunduki za kukunja. Ina ukingo kwenye kitako unaorahisisha kutolewa kwa ganda, na kani yake ni ya wastani, baa 3,400. Ingekuwa chaguo zuri kama mtutu ungekuwa mpya. Lakini ganda lake ni refu na jembamba, linakonda kuelekea mbele, na chemba ya .30-06 iliyopo ni pana kuliko mwili wake. Kichwa kingepita sawasawa kwenye tundu jipya huku ganda likielea ndani ya chemba, livimbe na kupasuka. Kwa hiyo risasi mpya lazima ichaguliwe kati ya zile ambazo ganda lake linalingana na chemba ya zamani au linaizidi kila mahali.

Mbili hujitokeza mara moja. Ya kwanza ni .35 Whelen, iliyozaliwa Marekani mnamo mwaka 1922 na kupewa jina la Townsend Whelen, ambayo ni ganda la .30-06 lililofunguliwa shingo ipokee kichwa cha milimita 9.09. Mwili wa chemba haubadiliki. Ni shingo tu inayochongwa. Kitoa ganda kilichopo kinafanya kazi kama zamani. Ya pili ni 9.3x62, ambayo fundi bunduki Otto Bock wa Berlin aliitoa mwaka 1905 akiwalenga wawindaji na walowezi wa makoloni ya Kijerumani barani Afrika, na ardhi tuliyokaa juu yake ilikuwa mojawapo. Ganda lake ni nene kidogo kuliko la .30-06 na bega lake liko mbele zaidi, hivyo chemba ya zamani humezwa yote na chemba mpya. Ukiniuliza mimi, kwa mtu anayewinda Tanzania, ya pili ni bora, kwa sababu 9.3x62 ina historia ndefu katika Afrika, na .35 Whelen ni kipenzi cha Wamarekani ambacho huku kwetu utahangaika kukipata. Bunduki isiyo na risasi dukani ni fimbo ghali.

Mzunguko wa mifereji ni jambo linalostahili aya moja, kwa kuwa ni faida ambayo wenye mitutu hawaitarajii. Mifereji ya .30-06 kwa kawaida hukamilisha mzunguko mmoja kila milimita 254. Kwa kuwa mifereji ya zamani hufutwa yote, fundi yuko huru kuchagua mwendo mpya. Mwingereza George Greenhill, mwaka 1879, alitoa kanuni ambayo bado inatumika kwa makadirio: zidisha 150 kwa kipenyo cha kichwa kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe, kisha gawa kwa urefu wa kichwa. Kichwa cha milimita 9.09 chenye urefu wa milimita 30.5 hutoa mzunguko mmoja kwa kila milimita 406 hivi, na kichwa kirefu zaidi hudai mzunguko wa haraka zaidi. Mwenye bunduki anapaswa kumwambia fundi atatumia kichwa kipi kizito kuliko vyote, maana ukichelewesha mzunguko kichwa kirefu kitapinduka njiani, ilhali ukiuharakisha kidogo hutapoteza kitu cha maana.

Njia nyingine mbili zipo na nitazipita haraka. Mtutu unaweza kutobolewa na kuvalishwa bomba jembamba jipya ndani, kama vile bloku iliyolika mno inavyowekwa slivu. Hiyo ndiyo njia pekee ya kurudi kwenye kaliba ndogo au ileile, na hutumika zaidi kwa .22 na kwa bunduki za kale zenye kani ndogo. Au mwenyewe anaweza kuagiza mtutu mpya kabisa kwa mtengenezaji. Mara nyingi, ukijumlisha usafiri, vibali na kazi, mtutu mpya hauzidi sana gharama ya kupanua wa zamani.

Baada ya kazi, mtutu unapaswa kujaribiwa upya. Uingereza ina nyumba za majaribio tangu zamani, ile ya London chini ya chama cha mafundi bunduki kilichopata hati yake mwaka 1637 na ile ya Birmingham iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1813, na huko mtutu uliopanuliwa hauruhusiwi kuuzwa kabla ya kupigwa risasi ya majaribio yenye kani inayozidi kiwango cha juu kwa robo. Nchi wanachama wa tume ya kimataifa ya majaribio ya silaha, C.I.P., iliyoundwa mwaka 1914, hufuata utaratibu wa namna hiyo. Tanzania haimo katika tume hiyo, lakini hakuna kinachomzuia mwenye mali kutaka mtutu wake ujaribiwe huko unakochongwa kabla haujarudi. Mhuri wa zamani unathibitisha tundu ambalo halipo tena.

Na mhuri wa kaliba lazima ubadilike. Hili si urembo. Risasi ya .30-06 huingia bila kipingamizi katika chemba ya .35 Whelen, kwa kuwa mwili ni uleule. Kichwa chembamba kitapita kwenye tundu pana kikiyumba, gesi ikikizunguka, na shingo ya ganda ikipasuka. Mtutu ulioandikwa “.30-06” juu yake huku ndani ukiwa kitu kingine ni mtego unaomsubiri mrithi.

Lakini kubadilisha alama ndiko kunakotupeleka kwenye sheria, na hapa Dar es Salaam ndipo jambo lote linapoanzia, ingawa nimeliweka mwisho. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamfunga mmiliki kwa silaha iliyoelezwa kwenye leseni yake, na kaliba ni sehemu ya maelezo hayo. Anayetengeneza au kurekebisha silaha kwa biashara lazima awe na leseni ya kazi hiyo. Kufuta au kugeuza alama za utambulisho bila idhini ni kosa. Mtutu wa .30-06 ukigeuka 9.3 kimyakimya, leseni itasema jambo moja na chuma kitasema jingine, na wewe hutaweza kununua risasi halali kwa kaliba isiyoandikwa. Waliokuwapo wakati wa uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 wanakumbuka jinsi kila bunduki ilivyolinganishwa na karatasi yake. Njia salama ni barua kwa mamlaka ya silaha ya Jeshi la Polisi kabla ya fundi kuugusa mtutu, yenye kutaja namba ya silaha, mtutu unaohusika, kaliba ya sasa, kaliba inayoombwa na fundi atakayeifanya kazi. Na kama mtutu utatoka nje ya nchi, vibali vya kuutoa na kuurudisha. Mtutu wa akiba, hata ukiwa peke yake ndani ya gazeti kuukuu, uhesabu kuwa silaha. Usiubebe kwenye bodaboda kama bomba la maji.

Kuna na upande wa uwindaji wenyewe, unaosimamiwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Katika baadhi ya nchi za Afrika 9.3 hukubaliwa kwa nyati. Kwetu kizingiti kinachofahamika ni .375. Kwa hiyo ile 9.3x62 ambayo mtutu unaikubali, chemba inaikubali na kiwiliwili kinaikubali, haimpeleki mzee alikotaka kwenda. Inampa bunduki nzuri ya pofu, kongoni na nguruwe pori, wanyama ambao .30-06 ya zamani, kusema kweli, ilikuwa inawatosha.

Nilipomaliza kumweleza, alinyamaza akiuzungusha mtutu mkononi, kisha akauliza kama vidimbwi vya kutu kule ndani vingeondoka kwa 9.3. Nikamwambia kamera ndiyo itakayosema. Wiki iliyofuata aliandika barua yake ya maombi, na hadi ninapoandika makala haya anasubiri majibu. Mtutu umerudi kabatini, safari hii umesafishwa kwa maji ya moto, ukakaushwa na kupakwa mafuta.